Kushuka na maji, kutoka Newala hadi Lindi

Jumatatu, Newala

Juni huku juu ni baridi. Upepo wa kusi unapanda ukingo wa uwanda na kupenya hadi ndani ya sweta, na asubuhi hii pale ukingoni panapoitwa Shimo la Mungu pamejaa ukungu, bonde la Ruvuma halionekani hata kwa kubahatisha. Wanaotaka kupiga picha warudi saa nne.

Tumeanzia hapa kwa makusudi. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga. Masika yake ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua ikinyesha inazama. Huku juu hutaona mto wala kijito. Maji yanashuka ardhini polepole, yanachujwa na mchanga, kisha yanatokeza miguuni mwa uwanda kama chemchemi, kusini kwenye bonde la Ruvuma, kaskazini kwenye bonde la Lukuledi, mto unaomwaga kwenye ghuba ya Lindi. Yaani wenye mvua ni wa juu, wenye maji ni wa chini. Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa na kazi ya kuyarudisha kwa pampu kule yalikotoka. Pampu ikisimama, bei ya ndoo inapanda siku hiyohiyo.

Niko na fundi wa maji, mtu wa Masasi niliyesoma naye. Mimi nafundisha jiografia na shule zimefunga. Yeye ameomba ruhusa kazini. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Nataka kuona kwa macho yangu jambo ninalolifundisha kila mwaka kwa kuchora mishale ubaoni: nani anayatunza maji, na kwa nini anajisumbua.

Fundi kabeba vifaa viwili. Kimoja ni bomba la plastiki linalopenyeza mwanga, lenye alama ya msalaba mweusi kitakoni. Unamimina maji taratibu huku unachungulia kwa juu. Msalaba ukipotea, unasoma kina. Maji yenye tope yanauficha mapema. Kingine ni vichupa vya kioo vyenye kipande cha karatasi yenye dawa. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali pa joto siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, kuna vijidudu vya kinyesi. Havikwambii ni vingapi, na juu ya mbolea na dawa za mashambani havisemi kitu. Fundi anaviita kipimo cha maskini, lakini anavifunga kwa kanga mbili kama yai la kuatamiwa, maana baridi ya Newala inaweza kuvidanganya.

Tumefikia kwa bibi mmoja mwenye mikorosho na kisima cha mvua uani, kile cha saruji cha chini ya ardhi ambacho utakikuta kwa watu wengi wa Newala na Tandahimba. Maji yanatoka kwenye bati yanaingia kwa mfereji. Kisima kikijaa Machi, familia inahesabu ndoo hadi mvua nyingine.

Shambani kwake nimeona kitu ambacho majirani hawana. Chini ya mikorosho kumelala majani makavu, tabaka juu ya tabaka. Desturi ni kuyafagia na kuyachoma ili korosho zikianguka zionekane. Bibi anafagia na kuokota kama wenzake, lakini majani anayarudisha kwenye mashina, moto hatii. Anasema zamani mvua ilikuwa inakimbia juu ya ardhi iliyochomwa, inafuata njia ya miguu hadi ukingoni, na njia ile sasa ni korongo linaloweza kumeza ng'ombe. Kwake maji yanasimama, yanazama.

Nikamsifu kwamba anawatunzia maji watu wa bondeni. Akaniangalia sana.

"Mwalimu, mimi nitunze maji ninayoyanunua?"

Anafanya hivyo kwa ajili ya mikorosho yake, basi. Udongo unabaki na unyevu, miti inavumilia kiangazi. Faida ya Lukuledi hajaiwazia na haimhusu. Nimeliandika jibu hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, kwa sababu semina zote nilizowahi kukaa zinaanzia upande mwingine: zinamwambia mtu wa juu awaonee huruma wa chini.

Jioni tumezungumza juu ya salfa. Msimu wa kupulizia umefika, maua yakichipuka ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unayawahi. Salfa ya unga inaokoa korosho, hilo halina ubishi. Lakini inayoanguka chini haipotei. Ardhini bakteria wanaigeuza polepole kuwa tindikali, na udongo wa mchanga hauna uwezo mkubwa wa kuihimili. Wengine wamehamia kwenye dawa za maji, na hizo zina balaa lake: vichupa vitupu. Kimoja nimekikuta kinachotea mafuta ya taa jikoni mwa jirani. Kinachotakiwa ni kukisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia yakamalizikie shambani, kisha chupa itobolewe isitumike tena. Bibi anatoboa kwa msumari wa moto. Mjukuu wake ndiye mwenye kazi hiyo na anaipenda mno.

Jumanne, njiani kwenda Masasi

Kosta imejaa hadi mlangoni. Tunavyoshuka ukingo naona mashamba mapya ya ufuta kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiria mara mbili. Ufuta umekatwa, umesimamishwa mafungu mafungu ukauke. Una bei, na unapenda pori lililofyekwa upya. Ndiyo maana miteremko ya Lindi na Mtwara inazidi kuwa mitupu. Siwalaumu. Ada ya shule hailipwi kwa majani makavu.

Tumefika Masasi mchana, vile vilima vya mawe vimekaa mjini kama kawaida yake. Usiku fundi kafungua kanga: kichupa cha kisima cha bibi kimekuwa cheusi. Akampigia palepale. Bibi kuuliza kosa liko wapi, fundi kauliza kuku wanalala wapi. Juu ya bati, upande wa mfereji. Basi.

Jumatano, Lukuledi

Darajani, barabara ya Nachingwea. Mto mwezi huu bado una maji ya kutosha kufika magotini, rangi yake chai ya maziwa. Fundi kamimina kwenye bomba, na msalaba umepotea kabla maji hayajafika urefu wa kiganja. Tope lenyewe haliui mtu. Ubaya wake ni kwamba linawaficha wadudu, dawa ya klorini inahangaika na uchafu badala ya kuwaua wao. Maji kama haya unayaacha yatuame, unayachuja kwa kitambaa safi, ndipo uweke dawa au uchemshe.

Sababu za tope hazihitaji mtaalamu. Upande huu vijana wanachimba mchanga. Upande ule kuna tanuru la matofali, udongo umechotwa ukingoni kabisa. Juu kidogo ng'ombe wameingia mtoni wote, wanakunywa na kufanya mengine humohumo. Wafugaji wengi waliingia mkoa wa Lindi kuanzia 2006 na 2007, walipoondolewa mabonde ya Ihefu na Usangu, Mbeya, na ugomvi wa maji na mashamba ulikuja nao.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Sasa chukua hesabu ya shambani. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, karibu mita 64 kila upande. Mwenye ekari moja iliyogusa mto, ukimtolea mita 60, umembakizia kichochoro. Mama mmoja mwenye bustani ya mchicha na nyanya hapa ukingoni ana nusu ekari. Kwa sheria, bustani yake yote haipo.

Lakini yeye na wenzake wamekubaliana kitu. Waliitana wenyewe baada ya mvua za mwaka juzi kubomoa ukingo na kuondoka na matuta ya watu watatu. Kila mmoja akaacha hatua 15 kutoka mtoni bila kulima. Wameotesha matete na mabingobingo, na migomba michache kwa nyuma. Mabingobingo wanayakata na kuwauzia wenye ng'ombe wa maziwa mjini. Nimeingia kwenye ukanda ule nikainama: shina kwa shina, na kwenye mashina kumeshikwa mchanga, maganda ya ufuta, mfuko wa plastiki, ndala moja ya mtoto. Vyote hivyo vilikuwa safarini kwenda mtoni. Ndoo za kumwagilia wanachotea sehemu moja iliyopangwa mawe, si kila mtu na njia yake.

Hapa mimi na fundi tumetofautiana. Yeye mtu wa idara, anasema hatua 15 si mita 60 na hawezi kuzibariki. Namwelewa. Ukanda mwembamba wa majani unakamata mchanga na tope zito vizuri, lakini mbolea iliyoyeyuka na udongo laini sana vinaupita. Ila nimetembea ukingo huu kutoka darajani na sijaona pengine popote mita 60 zinaheshimiwa, wala 30. Hatua 15 zilizopo nazipa alama kuliko 60 za kwenye bango, na bango lenyewe limeng'olewa nguzo.

Kwa wafugaji mambo hayajakaa sawa. Waliahidiana kujenga birika la kunyweshea nje ya mto, maji yavutwe kwa pampu ndogo. Wakulima walitoa mawe na mchanga, wafugaji watoe saruji. Mawe yapo, yameota nyasi. Kijana wa Kisukuma anayechunga alituambia, kwa adabu zote, kwamba wazee wake wanangoja kwanza waambiwe njia ya ng'ombe kufika kwenye hilo birika itapita shamba la nani. Swali la haki kabisa, na hakuna mkulima aliyelijibu.

Alhamisi, Ndanda

Ukitoka Masasi kuelekea Lindi, Makonde inakusindikiza kulia kwako kama ukuta, na Ndanda imekaa chini ya ukuta huo. Wabenediktini walijenga misheni hapa 1906, na wala hushangai walipachagua: maji yanatoka mlimani yenyewe, baridi, mwaka mzima.

Tumekwenda kwenye chemchemi ya kijiji kimoja nje ya mji. Fundi kamimina bomba likajaa hadi juu, na msalaba tunauona wazi kitakoni. Kamimina tena, nadhani kwa kujifurahisha tu.

Mzee mwenye shamba linaloizunguka chemchemi alitukuta hapo. Shikamoo, marahaba, habari za Newala, na akataka kujua kama mvua zilikuwa nzuri kule juu. Huyu anajua! Anasema babu yake alikuwa akiwaambia kwamba mwaka ukiwa mbaya kwa Wamakonde wa juu, chemchemi inapungua, ila haipungui mwaka huohuo.

Akatuonyesha kazi yake. Shamba liko kwenye mteremko, na amelikata kwa makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja mlimani. Kifaa alichopimia kiko kibandani: miti miwili iliyofungwa kileleni, wa tatu umepita katikati, umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Unapiga kigingi, unageuza, unaendelea. Nimejaribu. Upepo unalichezea jiwe na lazima uwe na subira, ila ndani ya nusu saa tulikuwa na mstari wa vigingi unaojipinda na mlima vizuri tu. Udongo wa mtaro anautupia upande wa juu, ndiyo wanaita fanya juu, na kwenye tuta amepanda mchaichai. Mizizi inashika udongo, majani anauza mafungu sokoni. Vetiva, nyasi za kushika udongo, ilisifiwa sana na bwana shamba, anasema, lakini vetiva huweki kwenye chai.

Sehemu iliyozunguka jicho la maji hailimwi kabisa. Ina mikuyu ya zamani na miche waliyoongeza. Mkaratusi ulikuwa mmoja, wakaukata. Ule unakunywa kuliko watu. Nilidhani shida ilikuwa kumshawishi mzee. Kumbe shida ilikuwa ardhi si yake peke yake. Huku ukoo unafuata upande wa mama, shamba la mjomba ni la wapwa zake. Ilibidi akae na dada yake na watoto wa dada, mara nyingi, hadi wakakubali eneo liachwe. Mpwa mmoja alikuwa Dar es Salaam na alikataa kwa simu mpaka alipoletwa nauli aje aone. Kwenye fomu za miradi nilizowahi kuziona kuna nafasi ya jina la "mmiliki", mstari mmoja, na ningependa kumwona mtu wa fomu akimweka ukoo mzima kwenye mstari ule.

Wakapata nini? Kikundi cha watumia maji kimekubali familia hiyo ichote bure kwenye gati la maji, pale penye bomba la kijiji, wakati wengine wanalipia ndoo. Na kila mwaka kabla ya mvua wenye kuchota wanakuja siku moja na majembe kuzibua mitaro ya mzee. Asiyekuja anatozwa. Mkataba wenyewe ni karatasi moja kwa mwandishi wa kijiji, yenye sahihi na dole gumba.

Ila juu ya shamba la mzee kuna jirani aliyefyeka mteremko kwa ajili ya ufuta na analima matuta ya kushuka, kutoka juu kwenda chini. Mvua ya Machi ilipiga udongo wake ukavuka makinga mawili ya mzee. Jirani ameombwa, ameitwa kwenye kikao, anasema shamba lake haligusi chemchemi na yeye anachota kwingine. Mwenyekiti angeweza kumpeleka mbele. Mzee hataki. Anasema ukimfunga leo, atarudi kesho na moto, na moto hauna kontua. Atamngoja.

Ijumaa, Nyangao na Mtama

Tumepita haraka. Nyangao kulikuwa na misheni hata kabla ya ile ya Ndanda, ikachomwa kwenye vita ya Majimaji 1905, na hapo jirani, Mahiwa, Waingereza na Wajerumani waliuana Oktoba 1917 wakiwa na askari wengi wa Kiafrika ambao vita haikuwa yao. Mtoni maji ya kahawia. Kichupa cha darajani Lukuledi kimeshakuwa cheusi tangu jana. Cha hapa nimekitilia leo lakini sina shaka nacho.

Kwenye gari tumebishana malipo. Fundi kanikumbusha milima ya Uluguru, Morogoro, ambako miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa milimani na watumiaji wa maji ya mto Ruvu, ili wa chini wawalipe wa juu kwa kupanda miti na kukata matuta. Mimi nikamtolea la New York. Jiji lile lilikuwa linatakiwa kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola. Miaka ya 1990 likaamua badala yake kugharamia wakulima wa milima ya Catskill kuzuia samadi na tope visiingie mtoni. Kujiunga kulikuwa hiari kwa kila mkulima, lakini walikubaliana kwamba asilimia 85 yao lazima wajiunge, la sivyo hiari ingerudi kuwa amri. Hicho ndicho ninachokipenda: hiari yenye hesabu.

"Na Lukuledi nani alipe?" fundi akauliza. Hapo ndipo pagumu. Mji wa Lindi unapata maji yake Ng'apa, kwenye visima. Masasi na Nachingwea wanakunywa ya chanzo cha Mbwinji. Mto huu hauna mji mkubwa unaoutegemea na wenye pochi. Wanaoutegemea ni mama wa mchicha na wenzake. Kwa hiyo malipo ya kwetu yatakuwa ya aina ya Ndanda, jembe kwa ndoo, au hayatakuwepo.

Jumamosi, Lindi

Joto limerudi, sweta limerudi begini. Mto unapoingia kwenye ghuba unapanuka na kupoa kati ya mikoko, na mashamba ya chumvi yako jirani. Wavuvi wa kamba niliozungumza nao wakisubiri boti ya kuvuka kwenda Kitunda wanasema kina cha mlango wa mto si kile cha zamani, nyavu zinagusa chini mapema. Udongo wa makorongo, wa matanuru na wa ufuta wa kushuka lazima ukae mahali, na hauna pengine pa kwenda.

Saa nane tukapanga vichupa mezani gesti. Newala cheusi, Lukuledi cheusi, Nyangao cheusi. Cha chemchemi ya Ndanda, siku ya pili hii, kimebaki cheupe.

Tumempigia bibi wa Newala: kuku wamehamishwa, mfereji umesuguliwa, na amemwambia mjukuu atenge maji ya kunywa kwenye ndoo ya pembeni na kuyachemsha. Mama wa mchicha alipokea habari yake kwa utulivu, akauliza tu kama ng'ombe wangekunywa nje ya mto kichupa kingekuwa cheupe. Fundi kamwambia si cheupe, ila ingesaidia. Akasema basi atampeleka kijana mchungaji kwa mwenyekiti Jumatatu, njia ya ng'ombe ipite kwake.

Mzee wa Ndanda aliposikia yake ni safi aliuliza ya darajani. Nyeusi. Akanyamaza kidogo, kisha akataka tumpelekee vichupa vyote viwili kwa kondakta wa kosta, anavitaka kwa jirani yake wa ufuta. Fundi akakataa, kile cheusi ni wadudu watupu, kinatiwa jiki na kumwagwa, hakitembezwi. Tukasema basi tupige picha. Mzee ana simu ya kitochi.

Tumetafuta duka la stesheneri, tumechapisha picha kubwa ya rangi, tukaandika kwa kalamu nyeusi kipi cha wapi. Kondakta akaifungua bahasha kabla hata hatujamaliza kumweleza, akaitazama.

"Elfu mbili," akasema. "Na huyo mganga wenu anakaa Ndanda sehemu gani?"